Uzi wa Auckland Mpaka Doha

Jumanne, 14 Mei

Form Three leo, kipindi cha tatu. Dunia kama tufe. Kila mwaka maswali yaleyale: miji miwili iko longitudo moja, tafuta umbali, miji miwili iko latitudo moja, tafuta umbali. Nimeandika mawili ubaoni, nikakaa kuwaza chai. Yudesi akanyoosha mkono. Huyu binti akinyoosha mkono huwa nashika kiti vizuri. Eti, Madam, mbona miji ya kitabuni siku zote iko mstari mmoja? Watu wasio mstari mmoja hawatembeleani?

Kicheko darasa zima. Nikacheka na mimi, nikamwambia hilo liko nje ya mtaala. Jibu la mwalimu aliyebanwa!

Swali likanifuata mpaka ofisini. Tufe la shule liko juu ya kabati, limebonyea upande wa Brazili tangu walipoliangusha mwaka juzi. Nikalishusha, nikatoa uzi mweusi kwenye kikasha changu cha vifungo. Kwanza nikauzungusha kwenye ikweta – hizo ni kilomita elfu arobaini. Halafu nikabana Auckland kwa kidole gumba, nikauvuta mpaka Doha. Ukakaza, ukajichagulia njia. Ukakatiza Australia, ukaingia Bahari ya Hindi, ukatokea ng'ambo. Zaidi ya theluthi ya dunia! Kilomita elfu kumi na nne na mia tano, kasoro unene wa uzi. Na hapo Kigali bado, elfu tatu na mia nane nyingine. Halafu gari: Rusumo, Benako, ndipo Nyaishozi kwetu.

Auckland ndiko aliko Arinaitwe. Mchumba wangu. Nimeliandika hilo neno polepole nione linakaaje.

Miezi minane naongea naye kwenye simu na sijawahi kupima alipo. Mwalimu wa hesabu mzima!

Ijumaa, 17 Mei

Arinaitwe amepiga kabla sijaenda shule. Huwa tunaanza hivi: kwenu saa ngapi? Mimi nasema kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye anasema tisa na nusu alasiri. Halafu anauliza mvua. Mimi nauliza baridi. Halafu ng'ombe – anakamua ng'ombe mia nne kwa mashine, yeye mtoto wa wafugaji wa Songambele aliyekua na fimbo mkononi, sasa anabonyeza vitufe. Halafu tunanyamaza, mmoja anasingizia mtandao. Ukitoa saa, mvua na baridi, sidhani kama tumeongea hata dakika kumi tangu Septemba.

Leo kulikuwa na habari. Juni ng'ombe wa kule wanapumzishwa kukamuliwa, kapewa likizo. Tiketi tayari. Anaruka Alhamisi tarehe 13, saa tisa alasiri ya kwao, saa kumi na saba mfululizo mpaka Doha. Anabadilisha ndege, Ijumaa mchana Kigali, jioni nyumbani. Jumamosi tarehe 15, posa.

Nikasema, "Karibu sana." Kama mhudumu wa hoteli!

Mama aliposikia saa kumi na saba bila kutua aliacha kumenya ndizi. Alisema hata ng'ombe wa kupelekwa mnadani husimamishwa njiani wakanywa maji. Na huyo dereva je, anakula saa ngapi? Nikamwambia wako wawili watatu, wanapokezana. Akasema hata hivyo.

Jumapili, 19 Mei

Baada ya misa baba mdogo Cleophace kaja na daftari. Yeye ndiye aliyeyaanzisha yote. Mwaka jana alikwenda Songambele kununua fahali kwa Mzee Ndyamukama, akarudi na fahali na mchumba. Kijana wa mzee yuko ng'ambo, ana kazi, hanywi, hajaoa. Wiki ileile nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na kila aliyeniona alinisalimia kama anayenipa pole. Nikasema ndiyo. Na tena alikuwa mbali. Niliona ndiyo ya mtu wa mbali haina uzito.

Sasa daftari. Wao ni watu wa maziwa, ni Waanglikana, pombe hawaijui kabisa. Wataleta ndama na siagi. Rubisi tutaitengeneza sisi kwa niaba yao, baba mdogo ndiye msimamizi. Baba alisikiliza tu, akasema ndizi za pombe zipo.

Rubisi ya posa kwetu hainywewi hovyo. Baba hushikishwa kibuyu mbele ya watu wote, mrija umeshachomekwa, halafu humgeukia binti yake na kumuuliza: Ninywe? Binti akisema kunywa, imekwisha. Kanisani mnakwenda kuthibitisha tu. Shangazi zangu wote watano walisema kunywa. Hakuna anayemkumbuka aliyesema vingine. Nimemuuliza mama, ikitokea binti akakataa je? Akasema, basi baba anakirudisha kibuyu. Halafu akaniangalia, mimi nikajitia kutafuta kiatu.

Jumamosi, 1 Juni

Shule imefungwa jana. Tufe nimelileta nyumbani, nimemwahidi mkuu wa shule nitainyoosha Brazili.

Nimeshinda shambani kwangu. Baba alinimegea kipande miaka minne iliyopita nilipopata ajira, nikapanda kahawa, miche mia na themanini, kila shimo nimechimba mwenyewe. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza zimezaa za kueleweka. Nimechuma debe la kwanza, nyekundu tupu! Nimezianika kwenye mkeka, nikakaa kando nazigeuzageuza bila sababu. Nikawaza: msimu ujao nani atazichuma?

Nikatoa uzi mfukoni. Ndiyo, natembea nao. Una mafundo mawili, moja Auckland, moja Doha. Nikauweka kwenye kiwiko, haukufika hata ncha za vidole. Kitu kifupi hivi! Nikajaribu kuwaza saa kumi na saba nimekaa kwenye kiti, nashuka, ni usiku, ni baridi, mtu mmoja tu nimjuaye ananipokea, ananiuliza kwetu saa ngapi.

Sitaki kwenda.

Haya, nimeandika. Sitaki. Arinaitwe hana kosa lolote, ni mtu mzuri, ana sauti ya upole, hajawahi hata kunikatia simu. Sitaki tu. Nataka kufundisha, na kuchuma hizi kahawa, na kumsumbua mama.

Nilidhani nikiliandika nitalia. Badala yake nimekula viazi viwili na kulala usingizi wa mchana kama mtoto. Mwili mwepesi! Na bado sijamwambia mtu yeyote.

Ijumaa, 7 Juni

Baba mdogo kafukia ndizi leo!

Nimetoka kuchuma, nakuta shimo nyuma ya jiko limeshafunikwa majani ya migomba na udongo, moshi unafukuta pembeni. Nikauliza mbona mapema. Ndizi zinakaa shimoni siku tano, zinaiva. Zinafukuliwa, siku ya pili zinakamuliwa, zinalala na unga wa mtama usiku mmoja, kesho yake ni rubisi. Kesho kutwa ni uchachu mtupu. Kwa posa ya Jumamosi tarehe 15 alitakiwa kufukia kesho, si leo.

Akanieleza kwa upole, utadhani mimi ndiye wa darasa la pili. Auckland wako mbele yetu saa tisa, sivyo? Ndiyo, baba. Basi akiondoka Alhamisi yao, kwetu bado Jumatano. Hapana, baba, akiondoka alasiri yao kwetu ni asubuhi ya siku ileile– Akanikata. "Vestina, waitu, mwanangu, mtu aliye mbele hufika mbele. Alhamisi yuko hapa. Ijumaa tunakunywa. Mtaniambia."

Ningeweza kuokota kijiti nikamchorea chini. Ndiyo kazi yangu, serikali inanilipa kwa hiyo. Nikaenda kunawa mikono.

Hesabu mbovu, na mimi nimeipa vema! Ndizi zinaivia siku ambayo hakuna bwana, posa itavurugika, na mimi nasikia nafuu. Mungu anisamehe. Nafuu yenyewe si ndogo.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nilikusudia kumwambia mama. Alikuwa anapiga pasi gauni lake la busuti, lile la zambarau. Nikaanza, mama, hivi– Akasema nishike kona ya kitambaa isiguse chini. Nikashika.

Basi.

Jumatano, 12 Juni

Wamefukua shimo asubuhi. Zimeiva zote! Nyuki wamejaa, harufu mpaka barabarani, mwenye duka kauliza kuna nini. Baba mdogo alisimama pale kifua mbele, anatuangalia mmoja mmoja. "Si niliwaambia?" Kana kwamba ndizi zikiiva na ndege imefika.

Saa hiyohiyo ujumbe wa Arinaitwe: anafunga sanduku, kesho ndiyo safari. Kesho! Baba mdogo akaomba simu asome mwenyewe. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akauliza kama tarehe za kule ni kama zetu. Baba akacheka mpaka akakaa kwenye gogo – sijamsikia baba akicheka hivyo tangu fahali alipomkimbiza katekista.

Lakini shughuli ikabaki palepale. Mikungu ishirini na minane imeiva, haina wa kumsubiri. Kuitupa ni mkosi, kupata mingine kwa wakati haiwezekani. Wakapiga simu Songambele. Mzee Ndyamukama hakuleta ugumu: basi Ijumaa mchana. Arinaitwe akitoka Kigali aje moja kwa moja, atakuta watu bado wamekaa.

Kwa hiyo badala ya kunusurika nimejipunguzia siku moja. Hayo ndiyo malipo ya kuachia hesabu mbovu ipite.

Alhamisi, 13 Juni

Saa moja asubuhi. Ujumbe! Auckland kuna ukungu, ndege haijaruka, wamerudishwa hotelini. Itaruka kesho saa ileile. Ina maana hapa ni Jumamosi jioni.

Nimeusoma mara tatu. Nimeingia chooni, nimefunga mlango, nimecheka mkono mdomoni. Ukungu! Wa upande ule wa dunia, kilomita elfu kumi na nane na ushee, umekuja kuniokoa mimi Nyaishozi. Nimesali hapohapo chooni, sijui kama inaruhusiwa. Bila bwana hakuna posa. Watasogeza mwezi ujao, mwezi ujao ng'ombe wanaanza kuzaa, likizo hakuna. Nimeshusha pumzi mpaka chini. Chai ya leo imekuwa na ladha.

Saa tatu. Nafuu ya dakika arobaini. Wazee wamekaa kabla hata ya kifungua kinywa. Baba mdogo: posa haihitaji bwana, inahitaji wazee na pombe. Eliud, kaka mkubwa wa Arinaitwe, atakaa kwenye kiti chake. Mwenyewe atakuwa hewani, akitua akute kazi imekwisha. Mzee Ndyamukama kwa simu: sawa. Baba: akaniangalia kwanza. Mimi nikaangalia chini. Baba: sawa.

Mbona niliangalia chini!

Alasiri. Wamekamua. Wanaume wanne kwenye mtumbwi wa kukamulia, miguu mitupu, majani yale marefu, wanakanyaga kwa wimbo. Maji ya ndizi yakatoka, wakaniletea kikombe maana ni pombe yangu. Nilitaka isiwe tamu. Ni tamu mno! Nikanywa viwili. Halafu wakatia unga wa mtama na kufunika. Ukiinama pale sasa hivi unasikia inaanza kunong'ona.

Ijumaa, 14 Juni

Saa mbili na nusu asubuhi.

Niandike upesi, mama ananitafuta nikachambue mchele.

Nilikuwa naanua kahawa nizihamishe, wageni wasije wakazikanyaga. Simu. Arinaitwe. Nikaangalia saa – mbili kamili. Ndege yake iliruka saa kumi na mbili. Mtu hapigi simu akiwa juu ya bahari! Nikajua kuna jambo. Nikaingia katikati ya migomba.

Hakuuliza kwetu saa ngapi. Hilo la kwanza.

Akasema, "Mwalimu, imeondoka."

Nikauliza nini. Ndege. Imeondoka, na yeye yuko kwenye basi anarudi shambani kwa ng'ombe. Ukungu uliisha, waliitwa kupanda, yeye akakaa. Sanduku kalikumbatia magotini. Watu wakapanda mpaka wakaisha. Wakamwita kwenye spika mara tatu, jina lenyewe wanalitamka vibaya, na yeye anasikia, na anakaa. Akaona kwa kioo inavyorudi nyuma, inavyogeuka, inavyokwenda. Akasema hajawahi kupumua vile tangu Septemba.

Mimi nimeziba mdomo kwa kiganja. Akadhani nalia.

Akaanza kujieleza mbio mbio. Kwamba mimi sina kosa. Kwamba baba yake alimpigia mwaka jana kwa furaha, akashindwa kusema hapana kwa simu, maana mzee akishika simu hupaza sauti kana kwamba anavusha ng'ombe mto, na wewe unajikuta unajibu ndiyo, ndiyo. Kwamba alipofika kule mara ya kwanza alilia miezi sita, kila siku, zizini, kwa sababu ng'ombe hawasemi. Na alipokuwa pale kiwanjani akaona kwenye skrini ile picha ya dunia na mstari wa safari, akawaza, mimi naenda kumchukua mtu mzima na kazi yake na mama yake, nimlete huku alie kama mimi? "Nisamehe, Mwalimu. Umekasirika?"

Nikacheka! Jamani, nilicheka mpaka nikashika mgomba. Nikamwambia, Arinaitwe, hata mimi sitaki. Tangu mwanzo wa mwezi. Nimekupima kwa uzi!

Na yeye akacheka. Tulicheka dakika nzima, yeye kwenye basi, mimi migombani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tumeongea. Nikamsimulia uzi, kahawa na swali la darasani. Akaniuliza kahawa nimechuma madebe mangapi. Nikamwambia sita. Akaniuliza jina la yule mwanafunzi wa maswali. Miezi tisa, halafu leo!

Nafuu hii sijui niiweke wapi. Nimekaa chini, nguo zina udongo, sijali.

Lakini. Mwishoni akasema baba yake hajui. Hajathubutu. Nikamwambia wako njiani tangu alfajiri, baba yako, na Eliud, na ndama. Akauliza, bila mimi? Hakujua kama wazee wameamua kuendelea bila yeye, wao walimficha wamfurahishe. Akasema, nipe mpaka jioni, nitampigia mwenyewe.

Nikauliza, jioni ya kwenu au ya kwetu?

Mtandao ukakatika.

Saa sita na nusu mchana.

Wamefika. Nimejifungia chumbani kubadili nguo, nina dakika chache.

Wamekuja tisa, na ndama mweupe mwenye kamba mpya, na siagi kwenye chungu. Mzee Ndyamukama ni mrefu kuliko kwenye picha, ana koti zito na kwa jua lote hili hajalivua. Nikapiga goti, shikamoo baba. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema marahaba mwanangu, pole na shughuli. Hakuniachia upesi. Kisha nikazungusha kahawa za kutafuna kwenye kile kikapu cha mama. Mzee akachukua mbili tu, akauliza za wapi. Mama akajibu kabla yangu: za kwake mwenyewe, kazipanda kwa mikono yake! Eliud akaonja akasema huko anakokwenda bibi harusi hazioti hizi. Watu wakacheka. Mimi nikamwaga kidogo.

Halafu baba mdogo Cleophace. Kalitoa tufe langu ndani, kaliweka juu ya stuli katikati ya wageni, kando ya mtungi wa rubisi. Na uzi wangu! Sijui kaupata wapi, nadhani nimeudondosha migombani. Akabana fundo moja Auckland, la pili Doha, akawaeleza kana kwamba ndiye aliyegundua. Kaondoka saa kumi na mbili, sasa ni saa sita, tayari ni kama theluthi na kitu ya uzi. Akaweka kidole. "Kijana wetu yuko hapa. Hapa hapa. Anaiacha Australia, anaingia baharini."

Na safari hii hesabu yake ni sahihi! Kabisa. Ningempa alama zote. Ndege ipo pale anapoonyesha, sina shaka. Kiti kimoja tu ndicho kitupu.

Wote wakasogea kuangalia. Mzee Ndyamukama akainuka kwa fimbo yake, akainama, akaweka kidole chake kikubwa juu ya bahari ile, taratibu, namna mtu anavyomgusa ndama wa jana. Akasema kwa lugha yao, Mungu akufikishe mwanangu. Akabaki ameinama.

Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Mzee anaombea kiti kitupu, na anayejua ni mimi peke yangu katika ua mzima.

Saa saba kasoro.

Nimepiga simu mara nne. Haipatikani. Basi lake liko kwenye milima, au betri. Au kaogopa, sitamlaumu, hata mimi nilishika kona ya kitambaa nikanyamaza.

Nikisema kunywa – siwezi. Nikinyamaza wakadhani ni haya ya bibi harusi, baba atakunywa. Kisha jioni, ya kwao au ya kwetu, simu italia, na Mzee Ndyamukama ataambiwa mbele ya watu kwamba mwanawe kakimbia posa iliyokwisha nywewa. Kutoka hapa mpaka Songambele atarudi na hilo.

Nikisema usinywe, basi aliyekataa ni mimi. Mwalimu mkaidi wa Nyaishozi. Watanisema Karagwe yote na Kyerwa, mpaka msimu wa senene. Waniseme! Ni kweli, ndiyo maana haiumi. Sitaki, na nilikuwa sitaki kabla ya ukungu, kabla ya basi. Hilo ni langu. Lake atalisema mwenyewe kwa baba yake, kwa sauti yake, akipata mtandao.

Ajabu, nimefunga vifungo vyote bila kukosea hata kimoja.

Wimbo umekoma. Nimechungulia dirishani. Baba kaketi kwenye kiti cha mikono, kibuyu kimejaa mpaka povu linamshukia vidoleni. Mrija umeelekea mdomoni lakini hajainamisha kichwa. Ananisubiri. Hakai kama mtu mwenye kiu. Mama kasimama nyuma yake na ile busuti, na haangalii kibuyu, anaangalia mlango wangu. Nadhani mama anajua. Nadhani alijua tangu nilipotafuta kile kiatu.

"Vestina! Baba yako anakuuliza!" Sauti ya shangazi, uani.

Simu imetikisika. Arinaitwe. Maneno mawili: kwenu saangapi, hata nafasi hajaacha kati ya maneno. Nimemjibu: saa saba. Mpigie baba yako sasa hivi, mimi naanza.

Baba mdogo naye anaita. Kidole chake bado kipo kwenye tufe, anakisogeza kidogo kidogo kwenda Doha.

Kutoka mlango huu mpaka kiti cha baba ni hatua kumi na moja. Nimezipima jana nikipanga viti. Naenda.